Simu zetu na viwanja vya wazi mijini: nini kimewafaa mtaani kwenu?

Mwanakijiwe:

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Naishi Kinondoni, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na tisa huu. Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna kiwanja cha wazi. Nilipohamia, kila jioni watoto walicheza chandimu, wazee walicheza bao chini ya mwarobaini, na pembeni alikaa muuza kahawa na kashata zake. Baadaye kiwanja kikafa. Hakuna aliyekijenga, kilikufa kwa kukosa watu. Magari mabovu yakaanza kulazwa pale, kikamwagwa kifusi, taa ya pekee ikaungua na ikabaki vilevile, na kila mama akamkataza mwanawe kukatiza baada ya magharibi. Wengi tulisema chanzo ni simu: vijana wamejifungia ndani na mabando yao. Nami nilikuwa nasema hivyo, tena kwa sauti.

Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja fundi friji alifungua kundi la WhatsApp la mazoezi. Tulikuwa watu tisa. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa mfupi: Jumamosi saa 12 asubuhi, chini ya mwarobaini, anayekuja aandike jina. Ile orodha ya majina ndiyo iliyotutoa ndani. Kumbe kila mmoja alitamani kutoka, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama peke yake kiwanjani alfajiri. Ukiona majina sita kwenye simu, unajua ukifika utamkuta mwenzio.

Leo Jumamosi tunakimbia mchakamchaka watu sitini, pengine themanini, na fulana na tarumbeta. Tukishamaliza hatutawanyiki. Muuza kahawa karudi, kibao cha lipa namba kaning'iniza kwenye kapu la kashata. Mama wa uji naye kaja. Kifusi tulikiondoa kwa mchango uliotumwa kwa simu kuanzia Ijumaa jioni, na lori likaja Jumapili yake.

Sasa nieleze kinachonisumbua akili. Kabla ya kundi hili tulikuwa na kundi jingine la wakazi, watu zaidi ya mia mbili. Salamu za Ijumaa, vichekesho, matangazo ya misiba, soga usiku kucha. Halikumtoa mtu hata mmoja kwenda kiwanjani. Kwa hiyo simu ni ileile, WhatsApp ni ileile, watu ni walewale. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kundi la pili lilitaja mahali na saa. Simu ikawa mbiu ya mgambo: ikilia, watu wanajua waende wapi.

Jambo jingine. Wazee wanne wa bao hawana simu janja. Wiki za mwanzo walikuwa wanakuta wageni wamejaa kwenye kivuli chao bila kujua kinachoendelea, na mmoja akaniambia wazi kwamba ameona amefukuzwa kwake. Nilijisikia vibaya sana. Tangu hapo kila tangazo linaloingia kwenye kundi linaandikwa kwa chaki kwenye ubao tuliougongelea kwenye kibanda cha kahawa. Kazi hiyo ni yangu.

Nauliza: kwenu kuna mfano wa simu na mitandao kurudisha watu kwenye viwanja, bustani, baraza, fukwe? Na nini kiliharibu?

Mama Wawili:

Mwanakijiwe, hongera sana. Mimi ni wa Tabata, nasi tuna kundi kama hilo. Niongeze upande wa wanawake.

Hilo la orodha ya majina lina uzito kwetu kuliko kwenu. Mwanaume akijikuta peke yake kiwanjani saa 12, anasubiri wenzake. Mimi nikijikuta peke yangu narudi nyumbani na sitoki tena. Kabla sijafunga mlango naangalia kwanza kama jirani yangu fulani ameandika jina lake, na tunapigiana simu tunapotoka tuongozane.

Umeuliza kilichoharibu. Mwaka wa kwanza mtu alirekodi kina mama tukinyoosha viungo, akaiweka TikTok. Maoni yaliyoandikwa pale chini siwezi kuyarudia hapa. Wanawake saba waliacha, na watatu hawajarudi hadi leo. Ilibidi tukae kikao. Sasa kuna utaratibu: picha zinapigwa mwishoni tu, anayetaka anasogea mbele, asiyetaka anakaa upande wa maji ya kunywa na kamera haigeuzwi upande ule. Ni jambo dogo, lakini bila hilo kiwanja kingebaki cha wanaume na simu zao.

Bi Mkunazini:

Assalaam aleikum. Mie niko Unguja mjini. Sisi huku hatukusubiri simu kukaa nje. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa na baraza mbele, ukuta wenyewe ndio kiti. Pale Jaws Corner, njia za mitaa zinapokutana, watu wanakunywa kahawa, wanacheza drafti na dhumna, wanabishana siasa na mpira. Kuna hata simu ya zamani imetundikwa pale na maandishi kwamba ni ya kupigia nje bure. Haijaunganishwa na kitu, lakini kila mgeni anaipiga picha, na akiisha kupiga picha anakaa, anaagiza kahawa.

Ila mfano wangu hasa ni makachu. Kwa wasiojua: vijana wetu wa Forodhani hukimbia juu ya ukuta wa bahari wakajirusha majini, wengine kwa sarakasi za kupinduka hewani mara mbili. Mchezo huu ni wa tangu na tangu. Watoto wa mjini wamejifunza kuogelea hivyo, wazee wakiwagombeza. Bustani yenyewe ya Forodhani ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa 2009, na jioni watu walikuwa wanakuja kula urojo na mishikaki. Lakini makachu walikuwa watoto wanaoruka tu, hakuna anayewatazama.

Video za simu ndizo zilizowageuza. Kijana anaruka, mwenzake anarekodi taratibu, mguu juu, jua linazama nyuma yake, na jahazi linapita. Video ikisafiri, watu wanakuja kuona kwa macho yao. Sasa jua likikaribia kuzama, ukuta mzima umejaa: wenyeji, wanafunzi kutoka Bara, wazungu, bibi na wajukuu zake. Wanapiga makofi pamoja watu ambao wasingesalimiana. Vijana wanajua maji yanajaa saa ngapi, maana maji yakiwa kavu kuruka ni kujivunja shingo, na wenye kurasa zao wanatangaza mapema.

Nimependa ulivyosema mbiu, lakini kwa makachu naona simu imefanya zaidi ya hapo. Imewapa vijana wale heshima. Zamani waliitwa wahuni wa pwani. Siku hizi mzazi anamwambia mtu, "Yule anayeruka wa tatu ni wangu."

Kilichoniuma ni kwamba wadogo sana wanaiga. Mtoto wa miaka minane anataka kupinduka kwa sababu kaona video. Wakubwa wao wanawazuia, na huo ndio ulinzi pekee niliouona pale.

Mwanakijiwe:

Bi Mkunazini, shikamoo. Umenifungua macho. Sikuwa nimefikiria heshima. Hata kwetu yule fundi friji, kabla ya kundi, hakuna aliyemjua jina. Sasa akipita mtaani watoto wanamwita kocha.

Jirani wa Jeevanjee:

Habari zenu kutoka Nairobi. Hapa tao tuna bustani ya Jeevanjee, naipita kila siku nikienda kazini. Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa kwa watu wa jiji mwaka 1906. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga hapo majengo na maegesho, na mjukuu wake Zarina Patel akaongoza watu kuupinga hadi ukaachwa. Miaka miwili kabla ya hapo, 1989, Wangari Maathai alikuwa amezuia jengo la ghorofa 60 lisisimame ndani ya Uhuru Park. Alianza na barua, moja baada ya nyingine, kwa ofisi za hapa na za nje. Hakukuwa na simu ya mkononi wala kundi la mtu yeyote. Nataja hili kwa sababu vijana wa sasa wanadhani bila mtandao huwezi kuokoa kiwanja.

Lakini ukikaa Jeevanjee mchana utaona kwa nini ilistahili kupiganiwa. Upande mmoja wahubiri, upande mwingine Bunge la Mwananchi, watu wa kawaida wamesimama duara wakijadili bei ya unga na mambo ya serikali, kila mtu akipewa nafasi aongee. Siku hizi kuna wa kurekodi na wa kupeperusha laivu. Mtu wa Kitale anasikia mjadala wa Jeevanjee akiwa kwake, na nimewahi kukutana na jamaa aliyeshuka kwenye matatu akaja moja kwa moja pale kwa sababu amekuwa akiufuata kwa simu.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawajui: bustani hii ilichorwa upya ndani ya mchezo wa kompyuta. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambao makao yao ni hapa Gigiri, walianza kushirikiana mwaka 2012 na Mojang ya Sweden, wenye mchezo wa Minecraft, ule wa kujenga kwa matofali. Wanakusanya watu wanaotumia mahali fulani, wanawakalisha kwenye kompyuta, na kila kikundi kinajenga bustani kinavyoitaka: benchi hapa, taa pale, njia ya viti vya magurudumu, mti usikatwe. Ramani ya mchoraji majengo huwezi kuisoma kama hukusomea. Lakini mama mchuuzi akioneshwa Minecraft anasogeza benchi mwenyewe na kusema hapa jua linachoma saa nane. Jeevanjee ilifanyiwa hivyo, na Dandora pia. Kwangu hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote ambazo teknolojia imeifanyia bustani: kumpa anayekaa pale mkono kwenye mchoro.

Na msisahau wapiga picha wa mtaani. Jioni tembea Kenyatta Avenue uone vijana na kamera na taa zao, wanapiga watu picha, wanawatumia kwa simu hapohapo, malipo kwa M-Pesa. Barabara ambayo watu walikuwa wanaikimbia giza likiingia sasa ina mwanga na watu waliovaa vizuri.

Fundi Ujenzi:

Nawasoma wote. Naomba nipinge kwa heshima.

Mnaipa simu sifa isiyo yake. Coco Beach ilikuwa inafurika Jumapili tangu sijajua simu ni nini, watu wamefuata upepo, mihogo na bahari. Mnazi Mmoja watu wanakaa kwa sababu ya miti. Forodhani kuna ukuta wa kukalia, taa na chakula. Toeni hivyo muone kama video itamleta mtu mara ya pili. Kiwanja cha Mwanakijiwe kina mwarobaini. Ungekatwa, kundi lake lingekimbilia wapi?

Nimejenga miaka ishirini na mbili. Mtu akileta mchoro wa uwanja, kitu cha kwanza kinachopunguzwa fedha zikipungua ni benchi, cha pili kivuli, cha tatu choo. Halafu wanaweka kibao cha wifi ya bure. Nimeona kwa macho yangu mahali pa namna hiyo, mji mmoja sitautaja: watu wamechutama ukutani kwenye jua, wanapakua wanachotaka dakika kumi, wanaondoka. Hawakusalimiana.

Mwanamke hawezi kukaa saa mbili mahali pasipo na choo. Andikeni hilo kwenye kundi.

Mama Wawili:

Fundi, hapo kwenye choo umesema kweli tupu. Kwetu wanawake wanaondoka saa moja kabla ya wanaume, na sababu ni hiyo tu.

Mswahili wa Boston:

Salaam kutoka ng'ambo. Nina mengi ya kusema ila nitachagua mawili.

La kwanza ni utafiti wa mtu anaitwa Keith Hampton na wenzake. Walichukua filamu za zamani, za karibu mwaka 1980, zilizopigwa kuangalia watu wanavyotumia maeneo ya wazi, wakarudi kurekodi mahali palepale kati ya 2008 na 2010: Bryant Park na ngazi za jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, mtaa wa Chestnut Philadelphia, na Downtown Crossing hapa Boston, mahali ninapopita mimi kwenda kupanda treni. Kila mtu alitarajia waone watu wameinamia simu. Waliowakuta wanatumia simu walikuwa wachache mno, na wengi wao walikuwa watu waliokuja peke yao. Waliokuja na wenzao walikuwa wanazungumza na wenzao. Na badiliko kubwa lililoonekana halikuwa simu kabisa: wanawake walikuwa wameongezeka mahali pa wazi kuliko miaka thelathini nyuma. Simu za wakati ule si za leo, TikTok haikuwapo, kwa hiyo sisemi mambo yamebaki hivyo. Lakini tangu niusome nimeacha kumlaumu mtu aliyekaa benchi na simu yake. Yupo nje. Pengine bila ile simu asingekaa peke yake hadharani.

La pili ni Pokémon GO. Kiangazi cha 2016 nilikuwa hapa. Mchezo ule unakutaka utembee, viumbe wanatokea kwenye simu ukifika mahali fulani, na sehemu za kukusanya vitu ziliwekwa kwenye sanamu, bustani, makanisa. Kwa wiki kadhaa bustani zilijaa usiku kama sikukuu. Watu wasiojuana waliulizana njia. Mimi, mtu mweusi mgeni, nilizungumza na majirani ambao kwa miaka miwili tulikuwa tunapishana tu. Nilifurahi sana, na nilidhani mji umebadilika.

Baridi ilipoingia, wengi walikuwa wameshaacha. Mchezo uliwaleta ila hawakuwa na jambo lao pale. Waliochagua maeneo walikuwa mbali, hawakuwauliza wenyeji. Jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi pale Washington ilibidi liwaombe wageni wasiucheze ndani. Ukilinganisha na makachu wa Bi Mkunazini, wale vijana ni wa palepale na mchezo ni wao. Video ikisahaulika kesho, bado wataruka.

Mwanakijiwe:

Mswahili wa Boston, hiyo sentensi yako ya kuwa na jambo lao pale nitaisoma kwenye kikao.

Fundi Ujenzi, nakubali kuhusu kivuli na choo. Mwarobaini ule ndio mhimili wetu. Ila nisaidie hapa: mwarobaini ulikuwepo miaka yote ile kiwanja kimekufa. Kivuli kilikuwepo, watu hawakuwepo. Kwa hiyo kuna kitu ambacho mti peke yake haukukiweza.

Halafu niwaambie jambo ambalo sikulisema mwanzo. Kuna mtu ameanza kuja na futi kamba kiwanjani. Mara mbili sasa. Tukimuuliza anasema ametumwa, hasemi na nani.

Msoma Ramani:

Mwanakijiwe, hapo sasa nisikilize vizuri.

Nilikuwa mwanafunzi niliposhiriki Ramani Huria hapa Dar, ilianza 2015. Kabla yake Tandale ilikuwa imechorwa mwaka 2011. Lengo kubwa lilikuwa mafuriko, tunachora mitaro, nyumba na njia za maji kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Tulitembea na simu na karatasi, na mbele yetu alikuwa mjumbe wa shina, kwa sababu yeye ndiye anayejua mpaka unaishia mlango wa nani. Kila tulipofika kwenye kiwanja cha wazi, wajumbe walituambia habari ileile: kilikuwa kikubwa, kikamegwa. Na tukitazama ramani zilizokuwepo tulikuta doa tupu, kama vile hakuna kitu. Kibera kule Nairobi nao walikuwa hivyohivyo hadi vijana walipoichora mwaka 2009.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kichoreni kiwanja, na ndani yake muweke mwarobaini, ubao, kibanda cha kahawa, njia za miguu. Kuna programu ya bure ya Android inaitwa StreetComplete, inakuuliza maswali mepesi ukiwa umesimama mahali: je, njia hii ina taa, je, benchi hili lina egemeo. Mtu asiyejua ramani anaweza. Halafu kusanyeni picha zenye tarehe, watu wakiwa wamejaa, kila Jumamosi.

Lakini ramani ya OpenStreetMap si hati. Haimzuii mtu kisheria. Mchoro wa mipangomiji ndio unaosema kiwanja ni cha wazi au la, kwa hiyo nendeni serikali ya mtaa, halafu ofisi ya ardhi ya manispaa, mkaombe kuuona, na muulize kwa maandishi mpate majibu kwa maandishi. Picha na ramani zenu mtazipeleka kwenye mkutano mkuu wa mtaa kuonesha kwamba kiwanja kinatumika, na na nani. Watu themanini waliosimama mkutanoni ndio watakaosikilizwa.

Jirani wa Jeevanjee:

Msoma Ramani amemaliza. Naongeza tu: barua. Andikeni barua, muweke nakala.

Bi Mkunazini:

Na wale wazee wanne wa bao waende nao. Wao ndio wanakumbuka kiwanja kilikuwa na ukubwa gani. Wakae mbele.

Mwanakijiwe:

Naleta mrejesho.

Jana jioni nimekwenda kwa wazee na simu, nikawaonesha kiwanja kwenye picha ya satelaiti. Mzee mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye kioo akasema mpaka ulikuwa unafika penye karakana ya sasa, na kulikuwa na mnazi kwenye pembe. Wenzake wakambishia kuhusu mnazi, si kuhusu mpaka. Nimewarekodi wote wanne kwa ridhaa yao. Watoto walijaa kusikiliza, wengi hawakujua kwamba nusu ya karakana ni mahali babu zao walipocheza mpira.

Mwenyekiti wa mtaa amekubali tulete suala kwenye mkutano mkuu. Barua ya kuomba kuuona mchoro tumeiandika na nakala ninazo. Fundi Ujenzi amenitumia ujumbe pembeni, atakuja kutupimia mahali pa choo na kutuambia gharama. Mama Wawili, utaratibu wako wa picha umepita kwenye kikao bila mpingaji.

Msoma Ramani, Jumamosi saa 12, chini ya mwarobaini, baada ya mazoezi tunachora. Vijana kumi na wanne wameshaandika majina. Ukiwa na nafasi njoo utuelekeze. Wazee nimewaandikia ubaoni.